Mvua za Vuli na Visanduku vya Mutomo

Jumanne, 14 Oktoba. Kibwezi

Nimechoka, na msimu wenyewe haujaanza. Leo tumemaliza kufunga visanduku Mutomo, kituo cha mwisho. Naandika miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mtu akija kuniuliza siku moja mambo yalianzaje, nataka niwe na pa kusoma.

Yalianza hivi. Kampuni yetu inawapa wakulima wa Kitui na Makueni mbegu za ndengu, yaani choroko, kisha inanunua mavuno. Ina vituo vitatu: hapa Kibwezi yaliko makao makuu, Kwa Vonza, na Mutomo. Kwa miaka kumi na moja mimi ndiye mtu wa kompyuta, na kazi yangu kubwa imekuwa kuzizika. Vumbi jekundu linaziba feni, joto linamaliza diski, nami napanda pikapu na bisibisi na brashi ya rangi kwenda kusafisha mashine ambazo mwezi ujao nitazisafisha tena. Mwezi wa Machi nikasema basi. Nikaandika pendekezo la kurasa kumi na mbili: tuondoe kompyuta zote kumi na tisa, tuweke visanduku visivyo na diski wala feni, vidogo kama redio ya jikoni. Kazi yote ifanyike ndani ya seva moja hapa Kibwezi, na kisanduku kiwe dirisha la kuichungulia tu. Kinakula umeme kidogo, hakina kumbukumbu za kuibwa, na fundi anatunza mashine moja badala ya kumi na tisa. Jina lake la kitaalamu ni thin client. Watu wa Mutomo hawana habari na jina hilo.

Bwana Gathua, mkurugenzi wetu, alilisoma akiwa na kalamu nyekundu. Babake alishuka kutoka Murang'a akafungua duka kando ya barabara ya Mombasa, na yeye mpaka leo husoma kila karatasi kama mtu anayekagua gunia kama lina mawe. "Nasima," akaniambia, "hii imenenepa. Punguza." Nikapunguza. Kipengele kimoja nilikitoa mwenyewe kabla hata hajakifikia: kinga ya radi kwenye milingoti ya mtandao. Nilijua asingekipenda, na nilitaka pendekezo lipite. Likapita.

Karani wa Mutomo ni Kavata, mama wa miaka hamsini na sita, ambaye ameniita mwanangu tangu siku niliyoajiriwa. Leo alikizunguka kisanduku mara mbili.

"Mwanangu, hii kitu kichwa yake iko wapi?"

"Iko Kibwezi, Mama."

"Na mimi niko Mutomo."

"Haidhuru. Hata laini ikikatika, ikirudi utakuta sentensi yako palepale ulipoiacha. Haipotei hata herufi moja."

Maneno hayo nimeyasema katika vituo vyote vitatu mpaka yamenikaa mdomoni. Kavata aliitikia kwa kichwa, akachukua daftari lake la jalada gumu, lile la miaka yote, akalitia kwenye droo iliyo chini ya kisanduku, akaifunga.

Kabla ya kuondoka nilibandua matangazo yote ya zamani kwenye kuta za ofisi, usiweke chai hapa, usizime hivi, zima hivi. Visanduku havihitaji hayo. Mafundi walioweka mlingoti langoni waliniletea fomu, nikaisaini juu ya boneti ya pikapu bila kwenda kuutazama. Jua lilikuwa kali.

Jumamosi, 18 Oktoba

Hakuna kilichoharibika. Nimelala mchana.

Jumatatu, 27 Oktoba

Wiki ya pili bila safari ya Mutomo. Evanson, karani kijana wa Kwa Vonza, amenitumia ujumbe: "Madam, hizi vitu ni fiti, sijaskia ile kelele ya feni tena." Nimemsomea Gathua. Hakutabasamu, lakini aliniomba makadirio ya vituo vingine viwili. Nimefurahi, nakiri.

Alhamisi, 6 Novemba

Mutomo imepotea mtandaoni saa tisa na dakika kumi alasiri. Imerudi saa kumi. Laini mpya, nimejiambia.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua ya kwanza. Kibwezi imenyesha kidogo, ya kulaza vumbi tu. Kavata anasema Mutomo imemwagika vizuri na watu wameanza kujaa getini kuchukua mbegu. Saa tisa na robo akapotea tena. Alipiga simu ya mkono.

"Mwanangu, kila wingu likija, hii kitu yako inaenda."

Nikawapigia watu wa mtandao. Wamenijibu kwamba wingu halina neno na laini hiyo, na kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha jambo moja: mlingoti wa Mutomo unakosa umeme. Stima ya mji ipo, nimeuliza. "Kuna mtu anazima huko kwenu, Madam," kijana akasema, akakata simu.

Jumatano, 12 Novemba

Siku mbaya. Kanuni yetu ni kwamba mkulima abonyeze kidole kwenye kisomaji, jina litokee, ndipo apewe mfuko. Bila kidole hakuna mfuko, kwa sababu mwaka jana mifuko mingi iliyeyuka bila maelezo. Leo laini ilikatika saa nane na nusu ikakaa chini mpaka saa kumi na moja. Watu arobaini hivi walikuwa kwenye foleni. Wamerudi nyumbani mikono mitupu, na ardhi imelowa. Mtu wa Mutomo hana mvua ya kuchezea. Akichelewa siku nne kupanda, ndengu zake zitatoa maua kukiwa hakuna tone, na hapo amepoteza msimu mzima.

Nimemuuliza Kavata kama kuna mtu aliyegusa chochote. Akasema hakuna. Nikamuuliza tena kwa sauti ambayo sikuipenda.

Alhamisi, 13 Novemba

Laini imekatika tena alasiri. Safari hii Kavata hakumrudisha mtu. Alifungua droo, akatoa daftari, akaandika majina kwa mkono na kugawa mifuko thelathini na saba. Aliniambia mwenyewe, hakuficha.

"Watu wametoka Kanziku na miguu. Nitawaambia aje warudi kesho, na shamba imelowa leo?"

"Mama, ni kinyume cha kanuni."

"Najua. Nimeandika yote. Kuja usome."

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua. Laini chini, saa moja na nusu.

Jumatatu, 17 Novemba

Gathua ameniita. Mezani pake palikuwa na pendekezo langu la vituo vipya, na juu yake taarifa ya mifuko thelathini na saba iliyotoka bila vidole.

"Nataka jibu moja," akasema. "Ni hii mitambo yako ama ni mtu?"

Sikulijua jibu. Ninaloandika hapa sikuliandika kwenye ripoti: nilijua tu jibu nililolihitaji. Nikisema ni mitambo, pendekezo limekufa na mimi narudi kwenye brashi ya rangi. Watu wa mtandao wanasema mlingoti unazimwa. Seva haijawahi kutetereka hata dakika. Kavata hakipendi kisanduku, na kila kinapozimika anarudi kwenye daftari lake kama aliyeruhusiwa kwenda nyumbani. Nikaandika: "Hitilafu haitokani na mfumo. Inaelekea umeme wa mlingoti unakatwa kwa makusudi na mtu wa kituoni asiyeukubali mfumo mpya."

Jina sikuandika. Nilijiona muungwana kwa hilo, ilhali Mutomo ina karani mmoja tu.

Alhamisi, 20 Novemba

Kavata amepewa barua ya onyo. Alinipigia jioni kuuliza nywila mpya ya wiki, basi. Mwishoni akasema, "Asante, Madam."

Miaka kumi na moja nimekuwa mwanangu. Nimeshika simu muda mrefu baada ya yeye kukata.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua Mutomo. Laini chini. Hakunipigia.

Jumanne, 2 Desemba

Laini chini. Nimeacha kuandika saa.

Ijumaa, 5 Desemba

Evanson ameambiwa ajiandae kuhamia Mutomo. Amekuja Kibwezi kuchukua fomu, akanikuta nakunywa chai.

"Madam, kwani Mama Kavata alifanya nini hasa?"

"Laini inazimwa."

"Yeye ndio huzima? Mlimwona?"

Nikamwambia kumbukumbu ndizo zinazoonyesha. Kumbukumbu zinaonyesha umeme umekatika tu. Hazionyeshi mkono wa mtu, na Evanson si mjinga. Akakunja fomu zake, akaniambia nipumzike, macho yangu yamekuwa mekundu.

Alhamisi, 11 Desemba

Imeamuliwa. Kavata aondoke mwisho wa mwezi. Gathua anataka nipeleke barua mwenyewe, nichukue funguo na nihamishe kila kitu kabla Evanson hajaingia. "Wewe anakuheshimu," akasema. Nilitaka kukataa. Nikasema sawa.

Jumanne, 16 Desemba. Mutomo

Naandika haya mezani pa Kavata, kwa kalamu ya Kavata.

Tulifika saa tano. Njiani, kuanzia Ikutha, ndengu zilikuwa zimesimama kijani mashambani, nyingine zimefika magotini, nyingine fupi na za manjano. Dereva alisema hizo fupi ni za waliochelewa mbegu. Sikuuliza alijuaje. Kila mtu barabara hii anajua.

Kavata alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Funguo zilikuwa zimepangwa mezani, kila moja na kikaratasi chake: stoo, ofisi, geti dogo, choo. Aliniwekea chai.

"Kunywa kwanza, Madam. Safari ni mbali."

Nikanywa. Barua ilikuwa mkobani na sikuitoa. Nikasema acha nihamishe kumbukumbu kwanza, nikakaa mbele ya kisanduku nikajifanya nina kazi nyingi. Saa nane na nusu kukanguruma mbali, upande wa Ikutha. Ngurumo ndogo tu. Kupitia dirishani nikamwona Mzee Mutisya, mlinzi wa geti, anaegemeza rungu lake ukutani, anaingia kwenye kibanda chake, kisha anatoka akijifuta mikono.

Nilipogeuka, skrini yangu ilikuwa imeganda.

Nilitoka bila viatu, nilikuwa nimevivua chini ya meza. Mlingoti umefungwa ubavuni mwa kibanda cha mlinzi. Waya wake unapitia tundu la ukutani mpaka kwenye soketi iliyo ndani, pale mafundi walipoona ni karibu. Ningeliona hilo mwezi wa Oktoba kama ningetembea hatua sitini. Plagi ilikuwa juu ya stuli, imefungwa vizuri ndani ya karatasi ya nailoni isiingie maji.

"Mzee, nani amechomoa hii?"

"Ni mimi, Madam." Alijibu kama mtu anayetarajia kusifiwa.

"Kwa nini?"

Akanionyesha ukutani, juu ya jiko lake la makaa. Palikuwa na karatasi iliyofunikwa kwa plastiki, imegeuka rangi ya chai, na mwandiko ulikuwa wangu: NGURUMO YA KWANZA, CHOMOA KILA KITU. USINGOJE KUAMBIWA. Nasima, Idara ya Kompyuta. Machi 2016.

Nilikumbuka. Mwaka huo radi ilichoma kompyuta nne hapa kwa pigo moja. Nilikuja nimekasirika, nikawakusanya watu wote uani, nikawafundisha, nikabandika karatasi kila chumba chenye soketi. Enzi hizo kuchomoa kulikuwa hakukatizi kitu, mashine zilikuwa na vichwa vyao. Oktoba nilibandua za ofisini zote. Kibandani sikuingia.

"Tangu utuambie sijawahi kuacha," Mzee Mutisya akasema. "Hata Jumapili. Ikipita narudisha."

"Na sisi tulipouliza nani anazima?"

"Mliuliza watu wa ofisi. Mimi nani aliniuliza?"

Nikaisogeza plagi, nikakaa kwenye stuli yake. Mwezi mzima nimeongea na seva, na watu wa mtandao, na mkurugenzi, na mtu anayeshinda amekaa chini ya mlingoti wenyewe sikumtolea hata salamu ndefu.

Nilirudi ofisini nikamweleza Kavata. Alinisikiliza mpaka mwisho, akipanga vikaratasi vya funguo.

"Kwa hivyo ni wewe."

"Ni mimi, Mama."

"Na barua iko kwa mkoba."

"Iko."

"Toa. Nisomee."

Nikamsomea. Yote, mpaka pale paliposema kampuni inamtakia kila la heri. Kuisoma kwa sauti mbele ya mtu ni kazi tofauti na kuibeba. Alipoona nimemaliza akasema, "Sasa piga simu."

Nikampigia Gathua, nikamweleza yote.

"Nasima, ripoti yako niliipeleka kwa wakurugenzi wenzangu. Siwezi nikarudi na maneno ya simu. Niandikie. Aliyesababisha ni nani, kwa jina, hakuna kuzungukazunguka. Ikinifikia, hiyo barua ya Kavata naipasua."

Mzee Mutisya alikuwa ameirudisha plagi. Nikakaa mbele ya kisanduku, nikaandika tarehe, nikaandika "Kuhusu ripoti yangu ya tarehe 17 Novemba," nikaandika "Aliyesababisha kukatika kwa laini ya Mutomo ni". Hapo kukapiga ngurumo moja iliyotikisa mabati. Mzee Mutisya akasimama mlangoni, kofia inachuruzika.

"Madam, sasa nichomoe ama nisichomoe?"

Wote wawili walikuwa wananitazama. Nikafikiria mlingoti ule wa chuma, mrefu kuliko kitu chochote hapo uani, bila waya wa kuipeleka radi ardhini. Nikafikiria kipengele nilichokifuta ili Gathua asikunje uso. Kama Mzee Mutisya asingekuwa akichomoa, pengine kibanda chake kingeshaungua, naye ndani.

"Chomoa, Mzee."

Skrini ikaganda na sentensi yangu.

Mvua ilikaa saa moja na dakika arobaini. Watu sita waliingia stoo kujikinga, wawili wao walikuwa wamefuata dawa ya wadudu. Kavata alifungua droo, akaniangalia kidogo, akatoa daftari. Nami nikashika kazi ya kubeba makopo. Hakuna aliyeongea habari ya vidole.

Na kwa kuwa hapa naandika ukweli, acha niuandike wote. Katika muda huo nilimfikiria Mzee Mutisya kwa njia nyingine. Ana miaka sitini na moja, ameajiriwa kwa kibarua, hakuna wa kumtetea. Mkono uliochomoa ni wake. Ningeandika "ni mlinzi wa geti" na nisingekuwa nimedanganya. Kavata angebaki, pendekezo langu lingebaki, na mimi ningebaki. Wazo hilo halikupita tu. Lilikaa, na nililikaribisha.

Mvua ilipoishia, Mzee Mutisya akaenda kibandani akiruka madimbwi. Taa ndogo ya kisanduku ikageuka kijani. Skrini ikafunguka, sentensi yangu ipo palepale, haijapotea herufi moja, kishale kinapepesa baada ya "ni".

Kavata alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu.

"Kweli haikupotea," akasema.

Nikaandika majina yangu yote matatu, Nasima Abdulkadir Sufian, nikatuma.

Ijumaa, 19 Desemba. Kibwezi

Gathua amepasua barua ya Kavata mbele yangu, vipande vinne, akavitia kwenye pipa. Barua ya kumwomba radhi nimeiandika mimi na ameitia sahihi yeye. Mkataba wangu unaisha Januari, na kuhusu huo amesema tutaongea. Pendekezo la vituo vipya limewekwa kando. Ukurasa wa kinga ya radi amenirudishia kutoka kwenye nakala ya kwanza, na pembeni, kwa kalamu ile ile nyekundu, ameandika: Hii ilienda wapi?

Jumanne, 23 Desemba

Kavata amepiga simu asubuhi. Nilitegemea aniite mwanangu, nisiseme uongo. Ameniita Nasima. Mvua zimekwisha Mutomo, anasema, na ndengu za wale thelathini na saba wa daftari zimeanza kutia maganda. Akaendelea kwamba Mzee Mutisya anauliza kama lile tangazo langu alitoe ama aliache. Nimemwambia aliache mpaka waya wa radi uje.

"Waya unakuja lini?"

"Sijui, Mama."

"Basi hiyo nitamwambia," akasema, na akangoja mimi nikate simu kwanza.